Siku Vitasa vya Umeme Vilipomzuia Bibi Harusi Kushuka

Nitasema mwenyewe kabla watu wa Ikinga hawajawasimulia kwa namna yao, maana wao wakisimulia huongeza chumvi, na habari yenyewe ilikuwa na chumvi ya kutosha: mimi, mtu mwenye diploma ya umeme, niliyeisoma jioni baada ya zamu za mgodini kule Zambia wakati wenzangu wanakunywa pombe, nilimfungia bibi harusi ndani ya gari mbele ya kanisa, nikashindwa kumtoa.

Mjue kwanza gari lenyewe. Niliporudi Tunduma miaka ile ya mwanzo ya themanini, petroli ikiwa adimu na sabuni ikitafutwa kama dawa, nilirudi na saluni kubwa nyeusi, kuukuu kidogo lakini ya heshima, na sifa yake ya kwanza ilikuwa milango: ukibonyeza swichi moja mbele kwa dereva, vitasa vya milango yote minne vinajifunga kwa pamoja, ka! (Watu walikuwa wanakuja nyumbani kusikiliza hiyo ka. Sidanganyi.) Tatizo ni kwamba vitasa hivyo vilikuwa na tabia ya mwanamke aliyeudhiwa: leo vinakuitika, kesho vimenyamaza, keshokutwa vinajifunga vyenyewe ukiwa umeshuka kununua karanga.

Nikavichunguza kitaalamu. Nilibadilisha fyuzi, nikasugua vichwa vya betri kwa msasa, kisha nikafungua milango yote ili niingie vizuri, nikapima waya mmoja mmoja. Umeme ulipita kote bila shaka yoyote. Nikatangaza kwamba lilikuwa vumbi tu. Tena nikang'oa vile vijiti vya kufungulia vitasa kwa kidole vilivyochomoza juu ya milango, kwa sababu wezi wa mpakani huvinasa kwa waya, na pia, niseme kweli, vilifanya gari langu lionekane kama la kila mtu.

Basi binti wa kaka yangu, Eliza, akaposwa na kijana wa Ikinga, kule milimani Ileje. Nani atampeleka kanisani? Si baba yake mdogo mwenye saluni? Asubuhi ya safari kaka aliniambia, "Mdogo wangu, ile mitambo yako izime leo. Tufunge milango kwa kamba kama watu wengine."

"Kamba!" nikamjibu. "Unataka mwanao ashushwe kama gunia la mahindi?"

Nilitaka Ikinga isikie ka. Huo ndio uamuzi wangu, mdogo kabisa, na kila kilichofuata kilitoka humo.

Tulipanda milima tukirukaruka kwenye makorongo, mimi usukanini, nyuma Eliza na shela lake, na pembeni yake dada yangu Enelesi, shangazi wa bibi harusi, mwanamke ambaye hata akinong'ona mbwa huamka. Kaka na wengine walikuwa wametangulia na lori la mahindi. Kanisani tulikuta umati, ngoma, vigelegele, na mchungaji mlangoni akiangalia njia, maana alikuwa na ubatizo ng'ambo ya mlima na alishasema wazi: jua likifika utosini anaondoka, na asiyefunga ndoa atamsubiri mpaka azunguke tena sharika zote baada ya mavuno.

Nikasimamisha gari. Nikabonyeza kufunga, ka! Umati ukasema "Aaah!" Nikatabasamu. Nikabonyeza kufungua.

Kimya.

Nikabonyeza tena, nikabonyeza kwa ngumi, nikazima gari, nikaliwasha. Kimya cha makaburini. Na hapo ndipo diploma yangu iliponiamkia, ikiwa imechelewa: nilipima waya milango ikiwa wazi, wakati waya wa kufungulia unaopita kwenye bawaba ya mlango wangu unanyooka na kugusana, lakini mlango ukifungwa unajikunja na ile sehemu iliyokatika inaachana. Sasa nilijua ugonjwa wote, na ili niutibu ilibidi kwanza nifungue mlango.

Nje hawakujua hayo. Kwao, kama kwetu, bibi harusi hashuki bure. Upande wake hukaza mlango mpaka wakwe watoe kitu. Kwa hiyo shangazi wa bwana harusi akaja anacheza, akapitisha jogoo dirishani. Enelesi akampokea (angefanyaje, jogoo keshaingia?). Mlango haukufunguka. Likaja blanketi. Mlango haukufunguka. Wakaanza kuimba kwamba hawa watu wa Tunduma wana tumbo lisilo na mwisho.

"Waambie ukweli!" dada akanifinya bega.

Nikaamua kutokea dirishani nijaribu ufunguo kwa nje. Kichwa kilipita, mabega yakapita, kisha suruali ya suti ikanasa kwenye pembe ya kioo, ikapasuka kuanzia mahali nisipopataja, na mimi nikaangukia mikono mbele ya wakwe zangu.

"Jamani, wametuletea na mchekeshaji!" akapiga kelele mama mmoja, na vigelegele vikapaa.

Ufunguo ulizunguka ndani ya kitasa kama kijiko kwenye uji. Nikamgeukia Mzee Kibona, baba wa bwana harusi, mkono mmoja nyuma kuficha nilichofichua. "Shikamoo mzee. Si kwamba tunakaza, ni umeme. Umeme umekatika mlangoni."

Akanitazama sana, kisha akawageukia watu wake akicheka. "Wanataka mwanga!" Na kweli, ikaletwa taa ya chemli, imejaa mafuta ya taa kwa siku zile za shida, ikapita dirishani na kupakatwa na Enelesi pamoja na jogoo.

Mchungaji akaangalia jua. Akaanza kukunja joho lake. Hapo Mzee Kibona akaacha kucheka.

"Tumetoa kuku, tumetoa blanketi, tumetoa taa ambayo sisi wenyewe tutalala gizani. Kama hatuwatoshi, geuzeni gari mrudi na binti yenu."

Ngoma ikazimika. Ndipo Eliza, ambaye kwa mila alitakiwa kuinamisha kichwa na kutosema neno mpaka baada ya ndoa, akatoa kichwa na shela lake dirishani.

"Baba mkwe! Mimi nataka kushuka! Gari la baba mdogo ni bovu, na huyu jogoo amenichafua!"

Enelesi akajifunika uso kwa blanketi. Mzee Kibona akasimama kama aliyepigwa kibao, mabega yakaanza kumtikisika, kisha akacheka mpaka akashika mti. "Mkwe mwenyewe ametuomba! Shikeni hilo gari!"

Wakalishika, wanaume kwa wanawake, wakalitikisa kwa wimbo wa kupepeta nafaka, huku na huku, mbele na nyuma, nami nikiwa nimelala juu ya boneti kuficha suruali. Na katikati ya kiitikio waya ukagusana: ka! Milango yote minne. Eliza alishuka mwenyewe kabla vitasa havijabadili mawazo, akakimbia kuingia kanisani ameshika viatu mkononi, na mchungaji ikabidi amfuate yeye.

Walioana. Nilisimama nyuma kabisa nimejifunga kitenge cha dada yangu, na sijawahi kuiona ndoa nzuri kama ile.

Diploma ninayo bado, iko ukutani, mje muione. Lakini niliapa siku ile kwamba sitamfungia mtu mlango nisioweza kuufungua kwa mkono wangu, na nimeshika kiapo. Eliza alipojifungua mtoto wa kwanza, Mzee Kibona alituma salamu Tunduma kwamba babu mdogo anatakiwa haraka aje amwone mjukuu, ila aje kwa miguu.

Nilikwenda kwa miguu.