Nilitumia Jina la Wenyewe

Mimi hufundisha kompyuta Nyamasaria. Majuzi nilichukua mfumo wa kompyuta unaotolewa bure, nikaubadilisha hadi menyu zote zikawa kwa Dholuo. Jina na nembo ya wenyewe sikugusa, nikaviacha vilevile. Siku ya kuuonyesha kwa walimu wa Kisumu, nilisimama kifua mbele. Mama mmoja mgeni akauliza kama nina ruhusa.

“Mama, hii ni ya bure! Leseni nimeisoma yote,” nikamjibu, na ukumbi ukacheka.

Akasimama taratibu. “Bwana, leseni inakuruhusu kubadilisha programu, si kutumia jina. Mimi ni wakili wa wenye jina hilo. Kazi yako ni nzuri sana, ipe jina jipya lake yenyewe.”

Aibu ilinishika, lakini kichwa sikuinamisha. Wakili mzima alikuwa amenisifu mbele ya watu.