Sala Iliyopoza Viazi vya Kihispania

Nicheke ukitaka, lakini mimi siombei chakula nusu nusu. Wenzangu ninaotunza nao wazee walinipeleka mkahawa wa Kihispania hapa Birmingham kunipongeza kwa cheo kipya, wakaniomba nisali. Vikaja visahani: viazi, kamba wanne, maharagwe kidogo. Nikadhani ni vya kuonja tu.

“Msiguse,” nikawaambia. “Tungoje sinia ya wali, niombee vyote pamoja.”

Wakangoja kwa heshima, mvuke ukiisha. Mwishowe nikamwita mhudumu.

“Kaka, chakula kiko wapi?”

Akavitazama visahani, akanitazama. “Ndicho hicho. Na kimepoa.”

Wenzangu wakainamisha vichwa, mabega yakitetemeka kwa kicheko. Mimi nikafumba macho, nikamwomba kwa sauti Yule aliyeshibisha maelfu kwa samaki wawili aiangalie na meza yetu.