Mwezi Mzuri wa Kupanda

Mtu akija shambani kwangu na viatu visivyo na udongo, simwamini. Mwaka ule wa kuhamia vijijini kwa amri ya serikali walitangulia watu wa viatu hivyo hivyo. Wakauliza kwa upole: barabara ikoje, maji mnateka wapi, kaya ziko ngapi. Wakapigilia vigingi vya chuma, wakaenda zao. Baada yao likaja lori. Nyumba yangu ya kwanza niliiona mara ya mwisho nikiwa juu ya magunia, nimekumbatia kuku. Kwa hiyo shamba tulilopata huku Mbulumbulu, chini ya msitu wa Ngorongoro, nililishika kwa meno. Nilisema sitapanda lori tena.

Basi, mwanzoni mwa miaka ya themanini, mpaka wa kaskazini ukiwa umefungwa na magari ya watalii yamekuwa ya kuhesabu, akaja mtu na Landrova. Ilikuwa kiangazi, vumbi jekundu limejaa mpaka kwenye kope. Mume wangu alikuwa uani akichonga nira. Mgeni alikuwa mtu mzima, miwani myeusi, na Kiswahili cha pwani kinachoteleza kama mafuta. Akasema yeye ni dereva wa watalii, bado mgeni wa njia za huku, anatafuta mahali pa kupiga mahema. Wageni wake wangelala kwetu, mchana waende kuangalia wanyama kreta.

"Sasa mzee, wewe ndiye mwenyeji," akasema. "Mwezi gani ni mzuri kupanda huku?"

Mume wangu hakufikiri hata kidogo. "Wa nne."

"Si kuna mvua?"

"Sasa bila mvua utapandaje?"

Yule mtu akacheka, nadhani aliona ni utani wa watu wa bara. "Haya. Wageni wangu wanapenda kijani."

"Watakiona mpaka wakichoke."

Mimi nilikuwa mlangoni mwa jiko na mwiko mkononi. Nikajiuliza: mtu mwenye mikono laini kama ya bibi harusi anataka kupanda nini? Na katika shamba la nani? Nikamwona anakwenda kwenye kile kipande cha shamba tulichokipumzisha, anakitembea kwa hatua ndefu ndefu, anasimama, anageuka, anatembea tena. Alikuwa anapima. Hakuna aliyeniambia, niliona kwa macho yangu.

Alipoondoka nikamwambia mume wangu, "Umemwonyesha shamba."

"Nimemwonyesha mahali pa hema."

"Hema linapandwa mwezi wa nne?"

"Mama watoto, wewe hata malaika akibisha hodi utamdai kitambulisho."

"Na asipokuwa nacho atabaki nje."

Sikubishana zaidi. Mvua zilipoanza nikachukua jembe na mbegu, nikapanda maharage kila mahali alipokanyaga. Mume wangu akaona, akarudi kwenye nira yake.

Mwezi wa nne ukafika, na wanaoujua udongo wetu wanajua maana yake. Ukipiga hatua, kiatu kinabaki. Ukungu ulikuwa umeshuka toka msituni hadi kwenye paa za nyumba. Niko kwenye palizi nikasikia injini inalia kule korongoni, inalia na kunyamaza, inalia na kunyamaza. Nikasogea ukingoni kutazama. Landrova ilikuwa imevuka. Nyuma yake, katikati ya tope, lilikuwa lori.

Landrova ningeivumilia. Lakini hakuna aliyeniambia habari za lori.

Watu wakajaa, maana tope la mwenzio ni tamasha. Yule dereva wa watalii akaja kwetu amevua viatu, suruali imekuwa nyekundu mpaka kiunoni. Mume wangu tayari alikuwa amewafungua maksai, na jirani mmoja ameleta wa kwake.

"Mzee!" dereva akapaza sauti. "Si uliniambia mwezi wa nne ni mzuri kupanda?"

"Sasa nani hajapanda?" Mume wangu akanyoosha mkono kuonyesha mashamba yote, ngano, mahindi, kilima hadi kilima. "Tazama mwenyewe!"

Dereva akatazama. Kisha akajishika kichwa kwa mikono miwili. "Kupanda mlima, mzee! Kupanda na gari!"

Watu walicheka wakashikana mabega. Jirani yangu mmoja, mama mwenye ulimi wa pilipili, akasema, "Jamani mwacheni, amekuja kupanda lori lake. Tupalilie tu, tuone litaota lini."

Mimi sikucheka. Neno moja kuwa na maana mbili halimfanyi mtu kuwa mwaminifu. Nikasema, "Kabla ng'ombe hawajafungwa, nataka kuona ndani ya lori."

Wakafunua turubai. Mahema, viti vya kukunja, masufuria, karai kubwa la kuogea. Na chini kabisa fungu la vigingi vya chuma, vingi, vimefungwa kwa kamba.

"Hivi ni vya nini?"

"Vya mahema, mama. Bila vigingi hema haliwezi kusimama."

"Vile vya mwaka ule tuliambiwa ni vya shule."

Ndani ya Landrova kulikuwa na mama wa kizungu, mzee kama mimi nilivyo sasa, anatetemeka, midomo ya buluu. Huyo nilimshika mkono nikampeleka jikoni, nikampa uji wa moto. Mgeni ni mgeni. Lakini lori si mgeni.

Niliporudi korongoni nira ilikuwa imefungwa, ng'ombe wanaangalia juu, nyumbani kwangu.

"Wageuzeni," nikasema. "Kuvuta watavuta. Lakini kwa nyuma, kushuka Karatu walikotoka."

Dereva akaja mbele yangu, mvua inamtiririka puani. "Mama yangu, nakuomba. Sisi tunakwenda juu!"

"Juu napajua. Na Karatu napajua. Unataka ng'ombe wangu mwenyewe walivute lori mpaka mlangoni kwangu?"

"Mama, hakuna anayekuhamisha!"

"Nani amesema kuhamisha? Mimi sijalitamka neno hilo."

Hapo kicheko cha watu kikakatika. Wote wakamtazama mume wangu, maana ndiye aliyemkaribisha huyu mtu, na mwanamume hurudi nyuma kwa shida mbele za watu. Akanitazama. Akatazama vigingi. Naye alikuwa juu ya yale magunia mwaka ule, amewapakata watoto wawili. Akashika pembe za ng'ombe wa mbele, akawageuza.

Wanaume wakasukuma, maksai wakavuta, na tope likaliachia lori kwa sauti kama ya kumng'oa mtu jino. Yule mama wa kizungu akanirudishia kikombe kwa mikono miwili, akapanda Landrova, ambayo nayo ilikuwa imevushwa kurudi ng'ambo. Wakashuka.

Karatu walisema baadaye kwamba walikuwa watalii kweli, tena kreta hawakuiona kwa ukungu. Labda. Mimi siku ile nilisimama pale korongoni mpaka sauti ya injini ikaisha, watu wote wakarudi makwao, mvua ikaniloanisha hadi mifupa. Halafu nikaendelea kusimama, nisikie kama lori halirudi.