Maji ya Mteja wa Kwanza

Dhahabu Tsuma wa Timbwani alizaliwa na viganja vya moto, na Bi Carolyne, mtu wa bara mwenye akili ya biashara, hakuviacha vipotee bure. Alijenga bafu la Kijapani uani kwake: hodhi la mbao lenye kina, maji ya moto hadi shingoni. Mteja akishatulia humo, Dhahabu hupiga magoti nyuma yake, akamwekea viganja kichwani, kisha mabegani ndani ya maji, bila kukanda, ili mwili upokee nguvu na uchovu utoke. Reiki, wenyewe wanaiita. Na kwa kuwa kila mtu hujisugua na kujisuuza kabla ya kuingia, maji huwa yale yale kutwa nzima.

Hayo maji ndiyo yaliyomnyima Dhahabu raha. Bibi yake alikuwa mganga wa kuogesha watu kwa vuo, maji ya majani ya dawa, na akimaliza huyamwaga njia panda. Kilichomtoka mgonjwa kimo majini. Hilo hata mtoto mdogo analijua. Sasa huo uchovu ukitoka, unakwenda wapi? Na Dhahabu alikuwa na mimba ya miezi mitano, kaificha chini ya leso asije akapatwa na kijicho. Mbili za kwanza zilitoka. Aliogopa, tena aliogopa kwelikweli, lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Asubuhi moja alianza na Philister, mke wa fundi wa kiwandani. Viganja vilipofika mabegani, Philister akaanza kulia.

“Nilizaa mwezi jana,” akasema. “Hakulia hata mara moja.”

Mikono ya Dhahabu imo majini, na Bi Carolyne amekataza kuiondoa katikati ya kazi. Mtoto tumboni, aliyekuwa akicheza tangu alfajiri, akatulia tuli. Dhahabu akasoma kimoyomoyo kila sura aliyoijua. Cheza, mwanangu, cheza mara moja tu. Akaegemea hodhi, tumbo likamgusa Philister kisogoni.

Philister akashtuka. “Nini kimenipiga?”

Akageuka. Leso ya Dhahabu ilikuwa imelowa na kunata, hapakuwa na cha kuficha tena. Mkono wa Philister ukainuka kutoka majini, ukichuruzika, ukalielekea tumbo. Mkono ukasita.

“Wa ngapi?”

“Wa tatu, dada. Wenziwe hawakukaa.”

Philister akaurudisha mkono kifuani mwake. Kisha akainama, akapapasa chini, akang’oa kizibo.

Maji yakakoroma yakishuka. Bi Carolyne akaugonga mlango. “Dhahabu! Nani kamwaga maji, na kuna mteja anangoja hapa?”

“Abee,” akaitika Dhahabu.

Philister akajifunga taulo, akaenda kusimama mlangoni.

“Nimeyamwaga mimi,” akasema. “Yalikuwa yangu.”