Sahani ya Bi Sayyida na Gari la Azaiba

Kosa la Yaarub lilikuwa kusifu. Siku ya pili ya Idi ndogo alisimama chini ya banda la gari nyuma ya nyumba ya Bi Sayyida, mtaa wa Azaiba, kiganja amekilaza juu ya boneti iliyojaa vumbi, akasema neno ambalo tangu jana yake alikuwa amejikataza kulisema.

"Gari zuri hili, mama."

"Lako," akasema Bi Sayyida.

Asiyewajua watu hawa angedhani mambo yamekwisha na mtu amepata gari. Lakini katika nyumba za Maskat, kwa waliotoka Unguja, kwa waliotoka bara na kwa wasiotoka popote, mgeni akisifu kitu chako unamwambia ni chake, iwe kikombe, saa ya ukutani au shamba. Na mgeni mwenye malezi ana jibu moja tu. Yaarub alilitoa kabla hajafikiri, kama mtu anayejibu salamu.

"Limebarikiwa kwako, mama. Likae kwako kwa heri."

Alipoyasikia maneno yake mwenyewe ndipo alipojua alichofanya. Alikuwa ameletewa gari kwa mdomo, akalikataa mbele ya mashahidi. Na mtu aliyekataa zawadi hawezi kurudi kesho akaulizia bei. Atakuwa anamwambia mwenye nyumba kwamba ukarimu wako sikuutaka, ninachotaka ni biashara.

Mkewe, Khawla, mwalimu mkuu wa skuli ya wasichana, alikuwa nyuma yake akitazama chini. Mabega yake yalikuwa yakitikisika kwa kicheko.

"Si ulisikia, Bibi? Mwenyewe hataki," alisema Aflah, mjukuu wa Bi Sayyida, kijana wa benki aliyekuwa akikaa na bibi yake na aliyepanga kuoa mwaka huo. "Mimi nishaongea na watu wa chuma chakavu. Wiki ijayo wanaliondoa, nijenge chumba changu hapa."

Bi Sayyida alikuwa akimtazama Yaarub, ambaye alikuwa amefungua mlango wa dereva achungulie ndani, na sasa anaufunga. Milango ya gari lile ni mirefu na mizito, na kwa miaka bawaba hulegea. Wengi huubamiza. Yaarub aliweka kiganja chini ya kitasa, akaunyanyua kidogo, akausukuma mpaka ukaingia mahali pake kwa sauti ndogo.

Gari lenyewe lilikuwa Pontiac Firebird, la miaka ya sabini mwanzoni, milango miwili, pua ndefu, injini ya silinda nane. Marehemu Yazid, mume wa Bi Sayyida, alilinunua zama barabara za lami za Maskat zilipokuwa mpya. Rangi yake ya kijani ilikuwa imebaki pembeni tu, pale jua lisipofika. Matairi yalikuwa yamekaa chini na kiti cha nyuma kilikuwa na paka.

Kwa Yaarub, hilo ndilo gari alilokuwa akilitafuta tangu alipostaafu idara ya maji, alikokuwa mhandisi wa pampu. Alikwenda Sohar kufuata habari ya gari moja, akakuta limekwisha kuvuka mpaka. Alikwenda Nizwa akakuta limekatwa katikati, nusu yake ni banda la kuku. Hakutaka gari lililokwisha kutengenezwa na vijana wakalitia injini mpya na taa za buluu. Alitaka zima, bovu, lisiloguswa, ili alifungue mpaka skrubu ya mwisho na alirudishe mwenyewe. Ilikuwa ndiyo kazi pekee aliyojichagulia maishani mwake. Nyingine zote alipangiwa.

Ndani ya gari lao la kawaida, Khawla alisubiri watoke kwenye mtaa ndipo aseme.

"Jana kutwa umesimama mbele ya kioo, 'Mama, nna maombi yangu madogo.' Leo umesifu."

"Ulimi umeteleza, Mama Fajr."

"Umeteleza mara mbili. Kwanza ukasifu, halafu ukakataa."

"Ningesema nini? Ningesema ahsante, nipe ufunguo?"

"Hapana," Khawla alikiri. "Ningeshuka kwenye ardhi kwa aibu. Endesha, tuna nyumba nyingine za kwenda."

Siku zilizofuata hazikuwa nzuri Darsait, ambako wana ghorofa yao juu ya duka la mapazia. Yaarub alimpigia simu Bi Sayyida akaishia kumuuliza hali ya goti. Akapiga tena, akamuuliza goti la pili. Shihab, rafiki yake mwenye gereji mtaa wa nyuma, alijitolea kwenda Azaiba kama mnunuzi asiyejulikana, alinunue kisha amletee. Khawla alilikataa shauri hilo papo hapo.

"Mtamchezea shere mama wa watu mwezi wa Idi? Na akijua? Na atajua, huyu Shihab hana siri hata ya jina lake."

"Kweli hiyo," Shihab alisema bila kuudhika.

Basi Yaarub akakaa akingoja lori la chuma chakavu lije, kama mtu anayengoja habari ya mgonjwa. Kufungua simu aone tangazo la gari jingine hakutaka.

Siku mbili kabla ya lori, Aflah alipiga kengele ya mlango wa Darsait. Mkononi alikuwa na sahani ya kauri yenye maua ya waridi, na juu yake kawa, kile kifuniko cha ukili ambacho bibi zetu hufunikia chakula. Chini ya kawa palikuwa na mkate wa kumimina, bado una joto. Na kwenye kishikio cha kawa, umefungwa kwa uzi mweupe, palikuwa na ufunguo.

"Bibi anawasalimu," Aflah alisema. Ilionekana amefundishwa cha kusema na hakupenda kukosea. "Anasema kilichokuja na chakula hakirudishwi. Na mimi nawaomba mje mlichukue gari kabla ya Jumamosi, nimeshawaambia wenye lori wasije."

Yaarub alimpigia simu Bi Sayyida hapohapo, bado amesimama mlangoni.

"Mama, hili kubwa. Mimi siwezi."

"Kwani siku ile nilikwambia nini? Lako. Mimi nilisema kweli, baba, wewe ndiye uliyesema kwa adabu." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayefanya kazi nyingine huku anaongea. "Wanaume wote wanaokuja kulitazama hupiga teke matairi. Wewe ulifunga mlango kama alivyokuwa akiufunga Yazid. Basi. Mkate uliwe ungali moto."

Chakula kikikujia kwenye sahani, sahani hairudi tupu. Hilo kila mtu analijua, na Khawla alikuwa tayari na hesabu zake: atapika visheti, Ijumaa sahani iko Azaiba. Yaarub alimzuia. Alisema mtu aliyetuma gari ndani ya sahani hawezi kurudishiwa visheti. Sahani itarudi ndani ya gari lenyewe, likitembea kwa nguvu zake.

"Lini?" aliuliza Khawla.

"Halichukui muda."

Lilichukua mwaka kasoro. Gari lilipelekwa kwa Shihab, paka akabaki Azaiba chini ya ngazi kwa amri ya Bi Sayyida, na Yaarub akaanza kulifungua. Kila asubuhi alishuka ngazi amevaa ovaroli ya zamani ya idara ya maji, akarudi adhuhuri ananuka petroli. Injini aliitoa, akaisafisha kipande kwa kipande. Kabureta aliifungua juu ya gazeti kwenye meza ya chakula, mpaka Khawla alipoihamisha, na gazeti lake, hadi kwenye baraza. Kutu ilikuwa imekula sakafu ya upande wa abiria, wakaikata na kuunga bati jipya. Bawaba za milango alizitengeneza mwishoni. Shihab alimshauri azibadilishe, akakataa.

"Zikiwa mpya mlango hautataka kunyanyuliwa," alisema.

"Si ndiyo maana ya kutengeneza?"

"Huu hapana."

Sahani ilikaa juu ya kabati la Khawla. Kwa mwanamke wa nafasi yake halikuwa jambo dogo. Wageni waliifahamu kwamba si yake, kwa sababu vyombo vyake vina mstari wa dhahabu, na dada yake aliiulizia sahani hiyo mara moja, kisha akawa anaitazama tu kila akija. Bi Sayyida naye alikuwa akipiga simu.

"Hamjambo nyote? Na sahani yangu haijambo?"

"Haijambo, mama," Khawla alijibu, uso unamwaka. "Iko mahali pa heshima."

"Isije ikazoea."

Gari lilipakwa rangi ya kijani iliyochanganywa mara nyingi mpaka Yaarub akaridhika. Lilikwenda ukaguzi, likashindwa kwa honi, likarudi likapita. Basi hapo mtu angedhani kazi imekwisha. Lakini kitambaa cha dari kilikuwa bado hakijafika, kipoza hewa hakikufanya kazi, na saa ya dashibodi ilikuwa imesimama. Yaarub alisema hawezi kulipeleka gari lenye saa iliyosimama. Akasema pia mpira wa kioo cha nyuma umekaa vibaya. Kila kasoro aliyoimaliza iliacha mahali pa kuonekana nyingine.

Shaaban ilipokuwa inamalizika, simu ya Azaiba ililia na safari hii Bi Sayyida hakufanya mzaha.

"Khawla, mwanangu. Hizi sahani ziko sita, za mama yangu, zilitoka Tabora. Ramadhani ndizo ninazopelekea futari kwa majirani, nyumba sita. Mwaka huu nyumba moja nitaipelekea kwenye chombo cha plastiki?"

Khawla alikata simu, akavaa, akaenda gereji kwa miguu. Alimkuta mumewe amelala kifudifudi kwenye kiti cha mbele akiipekua saa.

"Kesho sahani inakwenda Azaiba," alisema. "Kwa gari hili au kwa teksi."

"Dari bado, Mama Fajr. Atainua macho aone bati tupu."

"Ana miaka themanini. Hainui macho, anatazama anapokanyaga."

"Nnataka alione kama lilivyokuwa."

"Yeye anajua lilivyokuwa. Wewe hujui." Khawla alisema hivyo kwa upole, kisha akakaa kwenye kigoda. Hakuondoka.

Shihab aliyekuwa akinawa mikono kwenye bomba aligeuka. "Gari limekwisha tangu lilipopita ukaguzi, yakhe. Wewe ndiye hujakwisha."

Yaarub alikaa kitako. Aliitazama dari, akaitazama saa, kisha akamtazama mkewe, ambaye kwa mwaka mzima alivumilia kutazamwa na dada yake. Akaichukua saa, akairudisha kwenye tundu lake, ikiwa imesimama vilevile, akakaza skrubu zake.

Kesho yake alasiri waliondoka Darsait. Khawla aliipakata sahani, visheti ndani, kawa juu. Injini ilinguruma kwa sauti nzito iliyowafanya watu wa vibaraza wageuke. Barabarani vijana wa gari moja walifungua kioo na kuinua dole gumba. Yaarub aliendesha polepole, mikono yote miwili kwenye usukani, akisikiliza kila kitu.

Bi Sayyida alikuwa amelisikia gari kabla halijakata kona. Walimkuta nje ya geti, mkono kwenye fimbo, Aflah pembeni yake. Alilizunguka gari zima. Alipapasa sehemu pua inapoinama. Kisha akafungua mlango wa abiria, ambao Khawla alikuwa ametokea, akaingia kwa taratibu, na mlango akaufunga mwenyewe. Mkono chini ya kitasa, akaunyanyua kidogo, akauvuta. Akatazama mbele. Dari hakuitazama. Saa aliitazama.

"Hii hata Yazid hakuiweza," alisema. "Siku zote ilikuwa ikisema saa nne." Kisha akaongeza, "Zuri, mashallah."

Yaarub alikuwa ameinama kwenye dirisha. Neno lilimtoka kama lilivyokuwa limemtoka lile la mwanzo, kabla hajafikiri.

"Lako, mama."

Khawla alifumba macho. Aflah, aliyekwisha kujenga chumba chake pale palipokuwa banda, alitazama upande mwingine. Jibu la kawaida lilisubiriwa, lile la kukataa kwa adabu.

"Nimekubali," alisema Bi Sayyida.

Yaarub alisimama wima taratibu. Mikono yake haikujua iende wapi, akaishia kuipangusa kwenye kanzu, kanzu safi.

"Limebarikiwa, mama," alisema.

"Ila mimi sijui kuendesha," Bi Sayyida aliendelea, akiuweka mkoba wake mapajani. "Na hapa sina tena pa kuliweka, Aflah amejenga. Likae kwako Darsait, ulitunze, ulioshe. Alhamisi utakuja nalo unitoe. Dereva wangu wewe. Unakubali au utanijibu kwa adabu tena?"

"Nnakubali."

"Umejifunza."

Tangu hapo kila Alhamisi alasiri gari la kijani husimama Azaiba. Bi Sayyida hukaa mbele. Khawla hukaa nyuma, mahali palipotengenezewa watoto, magoti yamemfika kidevuni, na mara nyingi ana sahani mapajani, kwa sababu siku hizi sahani haitulii nyumba yoyote. Inakwenda na mkate wa kumimina, inarudi na visheti au sambusa. Hupita njia ya Mutrah, wakasimama kuitazama Bandari ya Sultan Qaboos na meli za watalii, ambazo Bi Sayyida huziona kubwa kupita kiasi na huzilaumu kwa kuziba hewa.

Kitambaa cha dari kilifika katikati ya Ramadhani. Yaarub alikibandika mwenyewe, siku mbili. Alhamisi iliyofuata Bi Sayyida aliingia, akaketi, akaweka fimbo pembeni.

"Huoni kitu, mama?" aliuliza Yaarub.

"Naona umechelewa," alisema. "Twende."