Ufa Chini ya Rangi

Mwaka ule kahawa ilizaa mpaka matawi yakainama, na mke wangu akaja kusimama mlangoni pa banda langu, mikono kiunoni.

"Baba watoto," akasema, "kahawa inalala nje na pikipiki zinalala ndani. Chagua."

Nilikuwa nazo nne. Nilikuwa fundi wa mitambo kwenye machimbo ya bati kule Kyerwa, na Mzungu aliyekuwa akirudi kwao aliniachia pikipiki yake kwa bei ya kutupa, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua kuifufua. Majirani zangu wa Kanoni walisema wenzangu wananunua ng'ombe, mimi nanunua vyuma visivyotoa maziwa. Niliwaacha waseme. Nilizipenda, na kwa kuzipenda nikawa mchoyo.

Uchoyo wangu ulikuwa na ufundi. Pikipiki ni chombo cha kuazimwa: leo katekista anataka kwenda Kimuli, kesho jirani ana bibi harusi. Kwetu kumnyima mtu waziwazi ni aibu, kwa hiyo kila aliyekuja nilimwambia kwa uso wa msiba, "Ungenikuta wiki iliyopita! Shingo imepata ufa. Itakuua." Mwombaji akishaondoka, mimi na rafiki yangu tulicheka hadi machozi.

Rafiki huyo alikuwa mkulima wa Isingiro, na kuendesha nilimfundisha mwenyewe. Alikuwa zaidi ya rafiki. Alikuwa munywani wangu. Tulichanjana tukiwa vijana, kila mmoja akatafuna buni iliyopakwa damu ya mwenzake. Padri hakuambiwa. Tulionywa siku ile kwamba atakayemnyima mwenzake kitu alichoombwa, tumbo litamvimba mpaka afe. Tulikuwa tumebatizwa wote wawili, na wote wawili tuliamini.

Nikaanza kuchagua. Ile ndogo ya kijani ilibaki, maana ilikunywa petroli kidogo na kupanda vilima bila kulalamika. Yenye kigari cha pembeni nayo ilibaki, kwa sababu mke wangu alipenda kwenda nayo misani, ingawa hakukubali kusema. Ya tatu, iliyotoa moshi kuliko jiko la kuni mbichi, niliifungua iwe vipuri. Ya kuuza ikawa ile kubwa nyeusi, nzuri kuliko zote, kwani ndiyo pekee iliyokuwa na mnunuzi.

Nilipokuwa nikiisafisha nikauona. Ufa, mwembamba kama unywele, shingoni, pale uma wa mbele unaposhikana na fremu. Ni mahali palepale nilipokuwa nikipasingizia kwa miaka. Niliipeleka machimboni nikaichomelea, na baada ya wiki moja ya kuijaribu ufa ulirudi, umesogea mbele kidogo. Chuma cha namna hiyo hakiponi. Kitashika leo, kitashika kesho, halafu siku moja mteremkoni gurudumu litakwenda kwake na mpandaji kwake.

Mtu mwaminifu angeipiga nyundo siku hiyohiyo. Mimi nilifungua kopo la rangi. Mnunuzi alikuwa mfanyabiashara kutoka Bukoba, mtu wa majivuno, aliyewahi kunidhihaki mbele za watu kwa ajili ya mikono yangu ya grisi. Nikapaka, nikasugua, nikapaka tena. Nilijiambia kwamba atakapoanguka atakuwa mbali nami. Ndivyo nilivyowaza, na sitaki kuyapamba.

Alikuwa aje Jumamosi. Ijumaa asubuhi akaingia munywani wangu, miguu imejaa vumbi. Mke wangu akamletea buni za kutafuna na kibuyu cha pombe ya rubisi.

"Nimesikia unauza," akasema. "Ile nyeusi usimpe mtu. Naiomba mimi."

Hakusema anainunua. Alisema anaiomba.

"Hiyo hapana," nikasema. "Chukua ya kijani. Chukua hata yenye kigari. Hiyo ina ufa shingoni. Itakuua."

Alicheka mpaka akamwaga rubisi. "Munywani! Maneno ya katekista unaniambia mimi?"

"Haki ya Mungu, safari hii ni kweli."

"Hata shemeji yako ulimwapia hivyohivyo, nikiwa nimekaa hapahapa."

Akaenda bandani, akapitisha kidole shingoni pa ile pikipiki. Palikuwa laini, panang'aa. Nikachukua kisu nikakwaruza. Rangi ikabanduka, chini yake yakaonekana makovu ya kuchomelea, na ufa wenyewe, ambao jicho la mkulima lisingeutofautisha na mkwaruzo wa kisu.

"Unaiharibu ili nisiitake," akasema, na sasa hakucheka. "Kama unaninyima, sema unaninyima."

Neno hilo lilitutisha sote wawili. Kulikuwa na jambo moja ambalo lingemsadikisha: kwamba ufa haukuonekana kwa sababu niliufunika kwa mikono yangu, ili mtu mwingine aondoke nao akafie mbele. Lilinifika ulimini. Mke wangu alikuwa amesimama karibu na kikapu cha kahawa, anatusikiliza, nikaona aibu.

"Sikunyimi," nikasema. "Nenda polepole tu."

Akaiwasha, akaondoka, nami nilisimama nikiufuata mlio wa pikipiki bonde kwa bonde mpaka ukapotea. Nyuma yangu mke wangu alikuwa ameshaanza kumwaga kahawa mahali pikipiki ilipokuwa imesimama. Kesho yake mfanyabiashara alikuja, akaambiwa imechukuliwa, akatukana, akarudi Bukoba mzima.

Kila asubuhi niliamka nikisema leo nakwenda Isingiro nikamwambie yote. Kila asubuhi kulikuwa na kahawa ya kuanikwa. Nikisikia kengele ya baiskeli barabarani, niliacha kuanika nikasikiliza. Siku ya kumi na moja ilikuja baiskeli ambayo haikupiga kengele. Mwenyewe alishuka mbali, akaja akiikokota, na kabla hajafungua mdomo nilikuwa nimekaa chini. Ile nyeusi ilikatikia shingoni, kwenye mteremko, baada tu ya kupita Kimuli.

Msibani nilimkuta mama wa munywani wangu ameketi juu ya nyasi zilizotandikwa sakafuni. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akanishika mikono yote miwili. "Alitusimulia. Ulijifanya ina ufa, kama mlivyozoea, kisha ukampa. Nzuri kuliko zote! Ndugu wa tumbo moja wangemnyima. Siku zile kumi na moja mwanangu alikuwa mtu wa furaha. Asante, mwanangu."

"Asante," wakaitikia waliokuwa ndani.

Wakasogea ukutani, wakaniachia nafasi penye ndugu wa marehemu. Nikaenda nikaketi.