Koplo Silvesta Ajiibia Asali

Koplo Silvesta alikuwa mpelelezi wa polisi kwa miaka kumi na minane kabla ya kutumwa kijiji cha Kakese, mwaka 1975, kuwafundisha mgambo namna ya kukagua mahali palipotokea uhalifu. Yeye alifundishwa kwa kunakili ubaoni, naye akawafanyia vivyo hivyo. Baada ya wiki tatu wanafunzi wake walikariri kila neno kama katekisimu. Ukiwauliza lisilo daftarini, wanatazamana.

Jambo hilo lilimkosesha raha. Basi Jumatatu moja wakakuta debe la asali la darasa limetoweka stoo.

"Mtafuteni mwizi," Silvesta akasema, akaketi nje.

Haikupita dakika tano. "Ni huyu Rafaeli," akasema Makarius, mkubwa wao, akimnyooshea kidole mwenzao. "Dirisha liko wazi, na nta imedondoka pale chini. Nani mwingine hapa anarina asali?"

Rafaeli akakana.

"Umejuaje kama mwizi alipita dirishani?" Silvesta akauliza.

Makarius akaelekeza tena kidole dirishani. Verdiana, mwanafunzi mwenzao, mkulima wa mpunga na mama wa watoto wanne, akalisogelea dirisha.

"Utando huu wa buibui haujakatika," akasema taratibu. "Hata paka hakupita hapa. Na hiyo nta ina vumbi, ni ya siku nyingi." Akarudi mlangoni, akainama. "Kufuli ni zima, basi aliyeingia alikuwa na ufunguo. Halafu sisi wote tunavaa katambuga za matairi, ila aliyekanyaga unga huu uliomwagika hapa ana kiatu cha misumari." Akamgeukia Silvesta. "Afande, naomba unyanyue mguu."

Silvesta akanyanyua, na unga ulikuwa bado kwenye soli. Darasa likaangua kicheko, Rafaeli kuwashinda wote. Asali ikatolewa nyumbani kwa koplo, wakaila na mihogo ya kuchemsha.

Tangu hapo aliwatungia tukio kila wiki. Baadaye nao wakamtungia yeye, na mara mbili walimshinda. Makarius ndiye aliyegeuka kuwa msumbufu wa maswali.

Mwezi wa Agosti mbuzi wa mzee Hilari walipotea, watu wakamkamata mpita njia. Makarius akawasihi wangoje. Akafuata nyayo mpaka korongoni, akakuta mifupa iliyotafunwa na fisi. Mgeni akaombwa radhi, akakaribishwa ugali.

Silvesta alipozipata habari hizo alikuwa amebakiza siku tisa arudi mjini. Akaomba karatasi, akaandika barua ya kuomba aongezewe mwaka mmoja Kakese. Akakubaliwa.